Huduma ya kuandikiwa ombi la ruzuku ya kununua ardhi ya uhifadhi: tathmini kutoka Nakuru

Kikundi chetu cha wakazi wa upande wa juu wa jiji la Nakuru, chini kidogo ya msitu wa Menengai, kilitumia shilingi 180,000 kulipia huduma ambayo wengi hawajui kwamba inauzwa. Tuliajiri ofisi ya ushauri ituandikie ombi la ruzuku, ambalo tungelikabidhi jiji ili lilitumie kutafuta fedha za kununua shamba la ekari 11 na kulihifadhi. Mimi ndiye katibu wa kikundi, na kabla ya kustaafu nilifundisha jiografia kwa miaka 27. Ofisi hiyo sitaitaja kwa jina, kwa kuwa marekebisho bado yanaendelea na wametusikiliza kwa heshima kila tulipolalamika. Naandika kwa ajili ya vikundi vingine, viwe vya hapa, vya Kisumu au vya Kakamega, vinavyofikiria kutoa michango yao kwa kazi ya aina hii. Kwa jumla, kazi waliyoifanya shambani ilipita matarajio yangu, lakini ile waliyoifanya mezani ilikuwa na makosa ambayo yangeliangusha ombi lote, na karibu kila kosa lilihusu jambo moja: ardhi hiyo ni ya nani leo, itakuwa ya nani kesho, na ni akina nani wanaoitegemea bila kuwa na hati.

Inafaa nilieleze shamba lenyewe kwanza. Liko kwenye mteremko unaoshuka kutoka ukingo wa kreta ya Menengai kuelekea mjini. Sehemu ya juu ina vichaka vya leleshwa na mizeituni pori michache iliyosalia, katikati hulimwa mahindi kila msimu, na upande wa mashariki limepasuliwa na korongo ambalo, nilipohamia huku mwaka 1996, mtoto wa shule aliweza kuliruka. Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano, ni mwepesi, na mvua kubwa huuchota kama unga. Maji hayo hayakai kwetu. Hushuka mitaani, huingia nyumbani na madukani mwa watu, husomba taka zilizojaa mitaroni, na mwisho wa safari yake ni Ziwa Nakuru. Kwa hiyo shamba hili, dogo kama lilivyo, ni mojawapo ya mahali ambapo mafuriko ya mjini huanzia, na miti ikirudishwa pale na korongo likazibwa kwa vizuizi vya mawe, maji yatapata nafasi ya kuzama ardhini kabla ya kufika kwenye lami.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na tangu hapo viwanja vya futi hamsini kwa mia vimeendelea kuupanda mlima. Mzee mwenye shamba ndiye aliyetufuata. Alisema madalali wamekuwa wakimletea wanunuzi wanaotaka kulikatakata, naye angependa libaki zima, lakini hana njia ya kuishi bila kuliuza. “Mimi sina pensheni kama wewe, mwalimu,” aliniambia tukiwa tumeketi kwenye gogo mbele ya nyumba yake. “Shamba ndilo pensheni.” Sikuwa na la kumjibu, na nadhani hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia mzee wa miaka sabini na minane ahifadhi mazingira kwa njaa yake. Ndiyo maana tukakubaliana kwamba njia ya haki ni kulinunua kwa bei ya haki, na kwa kuwa kikundi cha kaya 46 hakiwezi kukusanya mamilioni, anayefaa kuwa mwombaji na mmiliki ni jiji.

Mkataba wetu na ofisi ile ulikuwa wa kurasa mbili. Tulilipa shilingi 108,000 mwanzoni na kubakiza 72,000 za kulipwa kazi ikikamilika, nao wakaahidi kumaliza kwa wiki nane. Iliwachukua wiki kumi na tisa. Kuchelewa huko sikuhesabu kuwa kosa kubwa, kwa sababu wiki kadhaa zilipotea wakisubiri barabara ya matope ikauke, lakini kikundi chenye tarehe ya mwisho ya mfadhili kinapaswa kujua kwamba ahadi ya wiki nane ni ya matumaini.

Siku mbili walizofanya kazi shambani ndizo zilizonifanya niwaheshimu. Walifika saa moja asubuhi, mpimaji kijana na dada mmoja mtaalamu wa mimea, wakiwa na mianzi mirefu iliyotiwa alama za rangi kila sentimita kumi. Walishuka ndani ya korongo kutoka juu hadi chini, wakipima upana na kina kila baada ya hatua ishirini, na mahali penye kina kirefu zaidi walipata mita 3.6. Katika kila kituo walipigilia kigingi cha chuma pembezoni, wakakipaka rangi nyekundu, wakakiandika namba, kisha wakatufundisha sisi wenyewe namna ya kupima umbali kutoka kigingi hadi ukingo kwa utepe wa fundi. Mvua za masika zilipokwisha tulirudi kupima, na kwenye kigingi cha saba ukingo ulikuwa umemegeka sentimita 40. Takwimu hiyo tumeipata kwa mikono yetu, na mfadhili yeyote anaweza kuja kuihakiki. Vilevile waliwatafuta wazee watatu wa karibu na kuwauliza mmoja mmoja, bila wengine kusikia, ukingo ulikuwa wapi wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, na majibu yalipolingana wakayaweka kwenye ramani kwa mstari wa nukta. Katika maisha yangu ya ualimu nilijaribu mara nyingi kuwafundisha wanafunzi kwamba kumbukumbu ya mtu ni ushahidi ikikusanywa kwa nidhamu, na hapa niliona jambo hilo likifanywa vizuri na vijana ambao huenda walikuwa bado hawajazaliwa mvua hizo zilipokuwa zikinyesha.

Dada yule wa mimea aliorodhesha miti ya asili iliyobaki na kuonyesha machipukizi yake chini ya leleshwa, jambo lililothibitisha kwamba sehemu ya juu itajirudisha yenyewe mifugo ikizuiwa kwa misimu michache, bila kununua miche mingi. Maelezo hayo yalipunguza bajeti ya upandaji karibu kwa nusu. Mtaalamu anayepunguza gharama badala ya kuziongeza ni wa kushukuriwa.

Ramani yao nayo ilikuwa na hoja. Ilifuata mkondo wa maji kutoka shambani, ikapita mitaani, hadi ziwani, na maandishi ya pembeni yakaeleza kwamba Ziwa Nakuru limo katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar tangu 1990, na kwamba pamoja na Elementaita na Bogoria liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Sisi tulikuwa tukizungumza juu ya korongo na mafuriko ya mtaa. Wao walituonyesha kwamba mtu aliye mbali, ambaye hatawahi kusikia jina la mtaa wetu, ana sababu ya kujali ekari 11 za mteremko, kwa kuwa udongo unaotoka hapa unaishia katika ziwa ambalo dunia imekubali kulilinda. Sehemu hiyo ya ombi imebaki kama walivyoiandika, na sitaki neno lake hata moja libadilishwe.

Tatizo lilianza tulipopokea andiko kamili, kurasa 41 zenye jalada la kung’aa. Nililisoma kwa usiku wawili nikiwa na kalamu nyekundu.

Katika ukurasa wa tisa liliandikwa kwamba mwenye shamba “ana hati safi”. Nilipouliza walifanya upekuzi lini kwenye ofisi ya ardhi, ule ambao wengi wetu huuita sachi, walikiri kwamba hawakuufanya, bali waliona nakala ya hati mikononi mwa mzee. Tuliufanya wenyewe kwa ada ndogo. Hati ni halali, haina zuio wala deni la benki, lakini jina lililomo ni la marehemu baba yake, aliyefariki miaka mingi iliyopita, na mirathi haijawahi kufunguliwa. Mzee wetu ana ndugu watano walio hai. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, lazima msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, ombi litangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kwa kawaida miezi sita ipite kabla ya uteuzi huo kuthibitishwa, na kabla ya uthibitisho huo msimamizi hana ruhusa ya kuuza ardhi ya marehemu. Ratiba ya andiko ilionyesha jiji likinunua shamba mwezi wa tatu baada ya ruzuku kutolewa. Mfadhili angetuma fedha, fedha zingekaa, muda wa mradi ungekwisha, na jina la jiji lingeharibika kwa wafadhili wote watakaofuata. Kosa hili lingeepukwa kwa asubuhi moja ya kupanga foleni dirishani.

Bei nayo ilichukuliwa kama alivyoitaja mzee, shilingi milioni 3 kwa ekari, jumla milioni 33, bila ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Tulimtafuta mthamini kwa gharama yetu, naye akafika kwenye milioni 2.6 kwa ekari, yaani milioni 28.6 kwa shamba zima, akieleza kwamba korongo limekula sehemu isiyoweza kujengwa. Nilikuwa na hofu ya kumpelekea mzee habari hiyo, lakini aliisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili juu ya mipaka, kisha akasema atazungumza na ndugu zake. Heshima aliyoionyesha ilitokana na kwamba alikuwa ameona mthamini akitembea shambani kwa saa nne. Bajeti ilisahau pia ushuru wa stempu, ambao kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4 ya thamani. Kwa bei ile waliyoandika ni shilingi 1,320,000, na hata kama chombo cha umma kinaweza kuondolewa ushuru huo, jambo hilo lilipaswa kuelezwa kwa mstari mmoja ili mfadhili asidhani limefichwa. Gharama za wakili na za mpimaji wa serikali hazikuwemo kabisa.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi ya fedha. Ukurasa wa 14 ulisema ardhi itasajiliwa kwa jina la kikundi chetu, na ukurasa wa 27 ukasema itasajiliwa kwa jina la jiji. Huu si mgongano wa maneno. Shamba likiandikwa kwa jina la kikundi, hilo ni jambo la watu binafsi na viongozi wa kesho wa kikundi wanaweza kuliuza. Likinunuliwa na jiji huwa ardhi ya umma, ambayo Kifungu cha 62 cha Katiba kinaiweka mikononi mwa kaunti kwa amana ya wakazi, ikisimamiwa kwa niaba yao na Tume ya Taifa ya Ardhi. Vivyo hivyo kwa fedha zenyewe. Andiko lilielekeza ruzuku ilipwe kwenye akaunti ya benki ya kikundi ilhali mwombaji ni jiji, wakati Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ina utaratibu wake wa namna kaunti na vyombo vyake vinavyopokea ruzuku, na utaratibu huo unapitia kwa wahusika wa fedha wa kaunti. Afisa yeyote makini angelirudisha ombi siku ileile.

Walipoulizwa, walitueleza kwamba walitumia kiolezo kilichotungwa kwa miji ya Marekani, na hapo nikaelewa mengi. Kule kuna mfuko wa taifa wa ardhi na maji, ulioanza kazi 1965, ambao husaidia majimbo na miji kupata ardhi ya bustani na mapumziko kwa kulipa hadi nusu ya gharama, na nusu nyingine hutafutwa na mji wenyewe. Andiko letu likabeba sharti hilo la nusu kwa nusu na kuahidi kwamba jiji la Nakuru litatoa mamilioni ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza. Kilichoniuma ni kwamba kiolezo kilikuwa na jambo bora kuliko hilo, nao wakaliacha. Ardhi iliyopatikana kwa fedha za mfuko ule haiwezi kugeuzwa matumizi bila idhini ya waziri wa mambo ya ndani wa Marekani, ambaye kule ndiye anayesimamia ardhi na mbuga za taifa, na ikigeuzwa lazima ardhi nyingine yenye thamani na manufaa sawa itolewe badala yake. Hicho ndicho kifungu ambacho mji wa Kenya ulipaswa kuazima.

Nasema hivyo kwa sababu sisi tunajua yaliyoipata ardhi yetu ya umma. Ripoti ya Tume ya Ndung’u ya 2004 ilieleza jinsi misitu, viwanja vya shule na vya mabaraza vilivyogawiwa watu kinyume cha sheria, na kabla ya hapo, mwaka 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea Msitu wa Karura usigeuzwe majumba. Mfadhili anayeijua historia hiyo atauliza swali moja kabla ya mengine: ni nini kitakachozuia ekari hizi zisigawiwe baada ya uchaguzi wa tatu kutoka sasa? Andiko lilijibu kwa sentensi inayosema jiji “litajitolea kikamilifu”. Sheria ya mazingira ya 1999 inatambua haki ya uhifadhi inayowekwa juu ya ardhi kwa amri ya mahakama na kuandikwa katika rejista yake, ikimfunga kila mmiliki ajaye. Wakili wetu ndiye aliyetuelekeza huko, na sasa rasimu ya tatu ina ukurasa mzima juu ya jambo hilo. Ningefurahi sana kama ungetoka kwa watu tuliowalipa.

Uchaguzi wa mfadhili pia ulikuwa wa haraka. Wa kwanza waliyempendekeza alikuwa na masharti, yaliyochapishwa wazi, yanayokataza fedha zake kununulia ardhi. Wafadhili wa aina hiyo ni wengi. Mfuko wa kimataifa uitwao Critical Ecosystem Partnership Fund, kwa mfano, una katazo hilo katika masharti yake. Wapo wanaokubali, kama World Land Trust ya Uingereza, au mfuko wa ununuzi wa ardhi wa tawi la Uholanzi la IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, lakini hao kwa kawaida hufanya kazi na mashirika ya uhifadhi ya nchi husika, kwa hiyo jiji linalotaka kuwafikia linahitaji mshirika wa namna hiyo. Hapa nchini Nature Kenya, jumuiya yenye mizizi tangu 1909, imewahi kununua vipande vya nyasi huko Kinangop ili kuwalinda ndege wasiopatikana popote ila Kenya, na uzoefu wao uko mwendo wa saa chache tu kutoka Nakuru. Andiko halikuwataja. Halikueleza wala kwa nini tununue badala ya kukodi, ingawa Kitengela kulikuwa na mpango tangu 2000 wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio. Kwetu jibu ni jepesi, kwamba mzee anahitaji fedha za kumtosha na korongo halingojei mkataba wa mwaka kwa mwaka, lakini lazima liandikwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lingeweza kutupita sote. Andiko lilikuwa kwa Kiingereza kitupu. Tuliomba muhtasari wa Kiswahili ili tuusome mbele ya majirani, na kwa haki nitasema waliutayarisha kwa siku nne bila kudai malipo, kurasa tatu za Kiswahili safi, kisha dada yule wa mimea akaja mwenyewe kuusoma kwenye mkutano wetu chini ya mti. Alipofika kwenye maneno “eneo lote litazungushiwa ua”, bibi mmoja anayeishi ng’ambo ya korongo aliinua mkono.

“Mwanangu, na ng’ombe wangu watapita wapi kwenda majini?”

Dada yule alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Shosho, sikujua kuna njia hapo. Nionyeshe.”

Wakaenda, nasi tukafuata. Iko njia, nyembamba, imekanyagwa mpaka imekuwa ngumu kama sakafu, inapita pembeni mwa mahindi na kuvuka korongo kwenye daraja la magogo mawili. Kaya saba huitumia kila siku, na watoto huitumia kwenda shule. Haimo kwenye hati, haimo kwenye ramani ya serikali, na haikuwemo kwenye ramani nzuri niliyoisifu hapo juu, ingawa mpimaji aliivuka mara kadhaa siku zile mbili. Mimi mwenyewe nimeipita kwa miaka zaidi ya ishirini, na sikuwahi kufikiri kwamba uhifadhi tunaoutaka ungeweza kuifunga. Tunalo funzo la Laikipia, ambako mwaka 2011 mashirika mawili ya uhifadhi yalikabidhi serikali shamba la Eland Downs, takriban ekari 17,000, liwe hifadhi ya taifa, huku wafugaji wa Kisamburu waliokuwa wakiishi humo wakiwa mahakamani kulidai. Tofauti ya ukubwa haibadilishi maumivu ya mtu anayeamka asubuhi akakuta ua mahali alipopita jana. Dada yule alirudi wiki iliyofuata kwa nauli yake, akaipima njia, upana wa mita 2 na urefu wa mita 310, na sasa imo kwenye ramani kwa rangi ya kahawia, pamoja na sentensi inayosema itabaki wazi na kwamba daraja litajengwa upya kwa fedha za mradi. Bibi aliombwa aiweke alama yake ya kidole gumba chini ya sentensi hiyo, na aliiweka.

Kuhusu mawasiliano sina malalamiko. Walipokea simu, walijibu ujumbe, na risiti zote tunazo. Tulipowapelekea orodha ya makosa, mkurugenzi wao hakubishana, aliomba wiki sita na hakuongeza bei. Rasimu ya pili ilirekebisha bajeti na jina la mmiliki, na ile ahadi ya nusu kwa nusu ikaondolewa hadi jiji litakapoulizwa. Ya tatu imeongeza haki ya uhifadhi na kubadili ratiba ili ununuzi uanze baada ya mirathi kuthibitishwa.

Je, ningewaajiri tena? Ndiyo, kwa kazi ya shambani, ramani, vigingi, na hoja ya kuliunganisha shamba na ziwa, nami naamini kazi hiyo peke yake inastahili zaidi ya nusu ya fedha tulizotoa. Sehemu za hati, thamani, umiliki na masharti ya kudumu ningezitoa mapema kwa wakili na mthamini, na kuwapa waandishi wa ombi matokeo yao wayaandike. Kwetu gharama hizo za nyongeza zilifika shilingi 65,000. Ningetaka pia mkataba useme kwamba muhtasari wa Kiswahili utasomwa mbele ya majirani kabla ya rasimu ya kwanza kukamilika, wala si baada yake, na kwamba malipo ya mwisho yatasubiri nakala ya upekuzi wa hati iwekwe kama kiambatisho cha kwanza.

Kwa sasa tumewalipa shilingi 42,000 kati ya zile 72,000 zilizobaki. Ndugu wa mzee wamekubaliana yeye awe msimamizi wa mirathi, na wakili amewasilisha maombi mahakamani. Faili la ombi, likiwa na ripoti ya mthamini, ramani yenye njia ya kahawia na vipimo vya vigingi vyote kumi na viwili, tutalikabidhi jiji hati itakapotoka.